Baiskeli Tupu Siiwezi

Nilianguka mbele ya lango langu mwenyewe, saa tatu asubuhi, wapangaji wangu watatu wakinitazama pamoja na mama mboga wa ng'ambo ya barabara. Nina miaka sabini na mmoja. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya gia, ile ambayo mwanangu wa pili aliiacha stoo alipohamia nje ya nchi, na haikunifikisha hata hatua ishirini. Usukani uligeuka kama mbuzi aliyekataa kamba. Mimi nikaenda huku, yenyewe ikaenda kule.

Mama mboga akaja mbio na kisu cha kukatia sukuma wiki mkononi.

"Mzee! Umeumia?"

"Sijaumia. Rudi kwa sukuma zako."

"Na hiyo damu?"

"Ni ya baiskeli."

Nilikuwa nimeumia kiwiko, na kiwiko kilipona kwa wiki moja. Kilichoendelea kuniuma ni aibu. Kwa miaka kumi na minne baiskeli ilikuwa ndiyo shamba langu. Niliacha shule darasa la tatu, na tangu ujana hadi nilipooa na kupata watoto wawili nilibeba maziwa kutoka mashamba ya upande wa Mang'u hadi hoteli za Ruiru, mitungi miwili ya chuma, kila siku aliyoumba Mungu. Barabara wakati huo ilikuwa nyembamba, na matope ya kando yake yalikuwa yakimeza kiatu. Nilimwaga maziwa mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo kosa lilikuwa la ng'ombe wa watu. Sasa mtu kama huyo anaangushwa na kitu chenye uzito wa kuku.

Niseme kwanza kwa nini mzee mwenye lori mbili na nyumba za kupangisha alikuwa juu ya baiskeli, kwa sababu hata wapangaji wangu waliulizana.

Dada yangu mkubwa anakaa Ngoingwa, Thika, nyumbani kwa binti yake. Ana miaka themanini na tatu. Mama yetu alifariki nikiwa bado naota meno ya utoto, na huyu dada ndiye aliyenilea. Alichuma kahawa ya wenyewe, akafuga ndama mmoja wa kike aliyepewa na shangazi yetu, akamlisha kwa majani ya kukata kando ya barabara. Ndama akawa mtamba mzuri. Nilipofika umri wa kutafuta kazi, na kazi hakuna, dada akamtoa yule mtamba akaniletea baiskeli. Majirani walimwambia ana wazimu. Walimwambia mtamba huzaa, baiskeli haizai. Aliwajibu neno moja tu: "Hii itazaa." Na ilizaa. Kila kitu nilicho nacho leo, lori, ploti, karo ya watoto wote sita, ni mtoto au mjukuu wa ile baiskeli. Sisemi hivi kwa kujishusha. Kazi niliifanya mimi. Lakini mlango aliufungua yeye.

Miaka yote nilipokuwa naendesha gari nilikuwa nikipita kwake nikitaka. Halafu sukari ikashika mguu wangu wa kulia. Ukawa kama mguu wa mtu mwingine nilioazimwa. Siku moja nikakanyaga nikidhani ni breki, kumbe sivyo, nikaingia kwenye lango langu bila kulifungua. Binti yangu wa kwanza, ambaye amechukua ukali wangu wote na hakuwaachia ndugu zake hata kidogo, akaja akanyoosha mkono. "Baba, funguo." Nikampa. Alikuwa na haki.

Tangu siku hiyo kwenda Ngoingwa kukawa ni jambo la kuomba. Lazima mmoja wao apate nafasi. Wana kazi, wana watoto, siwalaumu. Nilikuwa nikipelekwa mara moja kwa miezi miwili, Jumapili baada ya kanisa, na mwanangu anaketi kwenye ukingo wa kiti akichezea simu. Chai ikiisha tu: "Baba, tutoke kabla ya jam." Mara ya mwisho dada yangu alinitazama nikiinuka, akacheka.

"Siku hizi unakuja kama mtu wa kusoma mita," akasema. "Unachungulia, unaandika, unaenda."

Kila mtu pale sebuleni alicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini mkono wake ulikuwa umeshika mkono wa koti langu, na ulikuwa mwepesi mno. Alikuwa amepungua. Ndani ya gari nikapiga hesabu ambayo hakuna mtoto aliyejua naipiga. Kwa mwendo huu nitamwona mara nne, labda tano. Kisha nitavaa suti, nitapewa kipaza sauti mbele ya watu, niseme huyu alikuwa mama kwangu, na utakuwa uongo, maana mama hatembelewi kama mita ya stima.

Matatu nilijaribu. Kushuka ndiko kulinishinda: mguu hauoni ngazi, na kondakta ana haraka, akanishika kwapani akaniteremsha kama gunia la kabichi. Bodaboda ya kutoka steji hadi Ngoingwa ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu yule kijana alikuwa akigeuka kunisimulia habari za kanisa lao huku tukienda. Na pia nilikataa tu. Mtu akifika umri wangu ana ruhusa ya kukataa vitu bila kutoa sababu.

Ndipo daktari wa kliniki ya sukari, msichana mdogo mwenye sauti kubwa, akaniambia: "Mzee, huu mguu usipoutumia utakuacha. Kutembea goti linauma? Basi panda baiskeli." Alidhani ananipa dawa. Hakujua amenipa njia. Baiskeli breki yake iko mkononi, si mguuni. Nilitoka pale nikimshukuru kwa moyo mpaka akaniuliza kama niko sawa.

Basi ndiyo hivyo nikaanguka mbele ya lango.

Karibu na reli hapa Ruiru kuna fundi wa baiskeli, mzee kama mimi, alikuja kutoka magharibi ujana wake akitafuta kazi ya kiwanda, akaishia kwa spoki. Nilimpelekea ile ya gia nikitaka aiuze. Akaniuliza nini kimenipata kiwiko. Nikamwambia. Hakucheka. Akakaa juu ya kibao chake, akafikiri.

"Zamani ulikuwa unaendesha ya kubeba?"

"Ya maziwa. Miaka kumi na minne."

"Ukienda kuchukua maziwa ulikuwa unaenda mtupu?"

Nikafikiri. Hapana. Asubuhi nilipanda na mitungi mitupu, ndiyo, lakini juu yake kulikuwa na mikate, chumvi, sabuni na mafuta ya taa, vitu walivyoniagiza akina mama wa kule. Hata Jumapili nilimbeba mke wangu kwenda kanisani.

"Basi wewe hujawahi kuendesha baiskeli," fundi akasema. "Wewe unajua kubeba tu. Mtu wa kubeba haongozi kwa mikono, anaongoza kwa kiuno. Kiuno kinangoja uzito wa nyuma. Uzito usipokuwepo, kinakuangusha. Mimi kwetu nilibeba watu mjini, miaka saba, mpaka leo tupu inanitupa."

Nilimtazama huyu mtu nikaona nimepata ndugu. Watoto wangu wamesoma mpaka chuo kikuu na hakuna aliyeweza kuniambia jambo hilo. Akanitolea nyuma ya kibanda mkweche wa chuma, mweusi, mzito, keria yake pana kama meza. Hauna gia. Una kengele. Niliposhika usukani wake mikono ilijua mahali pa kukaa.

"Sasa nenda ukautwike kitu," akasema.

Nyumbani nikachukua vibuyu viwili vya plastiki vya lita kumi kumi, vile vya mafuta ya kupikia, nikavifunga huku na huku kwa mpira wa tairi kuukuu. Na hapa nilifanya kosa ambalo ningemchapa kijana yeyote wa maziwa kwa kulifanya. Nilivijaza maji nusu. Nilijiambia, wewe ni mzee, mguu ni mgonjwa, anza na mzigo mdogo.

Mtu asiyewahi kubeba maziwa atasema nimefanya vizuri. Lakini mtungi uliojaa hadi shingoni umetulia, maziwa hayana pa kwenda. Mtungi wa nusu una mnyama ndani. Ukikata kona, yeye anafika baadaye. Ukishika breki, yeye anaendelea. Mimi mwenyewe niliwafundisha vijana wangapi: jaza au acha. Na nilikata kona ya kwanza nyuma ya kanisa, maji yakafika baadaye, tukaingia mtaroni sote watatu, mimi na vibuyu viwili.

Nilirudi nikisukuma, nusu ya mwili ni matope. Mke wangu alikuwa anaanika nguo. Tumeoana miaka arobaini na nane na hanifichi kitu.

"Baba watoto, ulijaza nusu."

"Umejuaje?"

"Nakusikia. Vinacheka huko nyuma." Akatua beseni. "Ulijionea huruma, eh? Huruma ya nusu ndiyo hiyo." Akavichukua vile vibuyu mwenyewe, akavijaza kwenye bomba mpaka vikafurika, akafunga vifuniko kwa nguvu ya watu wawili. "Haya. Kama ni kufa, ufe na mzigo kamili."

Kupanda pia kulinitaka akili. Mwenye mzigo harushi mguu nyuma, maana mzigo uko hapo. Zamani nilikimbia nayo, mguu wa kushoto kwenye pedeli, wa kulia nikaupitisha mbele juu ya chuma cha fremu. Siku hizi sikimbii popote. Nikatafuta jiwe la ukingo, nikasimama juu yake kama mtoto, nikajiweka kwenye kiti taratibu. Nikasukuma. Baiskeli ikayumba mara moja, nikahisi ule uzito ukinishika kiuno kutoka nyuma kama mkono wa mtu ninayemjua, na nikaenda. Nilikwenda mpaka mwisho wa barabara yetu. Sijui kama nilikuwa nalia au ni upepo. Mke wangu alisema ni upepo, na namshukuru.

Kwa wiki kadhaa nikawa nazunguka Ruiru na maji yangu. Mtaa ukaanza kuongea. Siku moja, upande wa nyumba za ghorofa ambako bomba hukauka kila mara, mwanamke akachungulia kutoka dirisha la pili juu.

"Mzee wa maji! Leta hivyo viwili!"

Nikasimama. Ningemwambiaje? Kwamba haya maji ni ya kutembezwa? Nikamwona ana mtoto mgongoni na uso wa mtu aliyengoja maji tangu jana. Nikafungua mpira, akateremka kuchukua, akamimina kwenye ndoo zake, akanirudishia vibuyu vitupu na kunibariki sana. Kisha nikasimama pale na baiskeli nyepesi. Nikaisukuma mpaka nyumbani kwa miguu, kilomita nzima, goti likinitukana.

Habari ikamfikia binti yangu wa kwanza kabla ya jua kutua. Akaja bila kupiga simu.

"Baba, watu wanasema unauza maji."

"Siuzi. Nilitoa."

"Wanasema watoto wako wamekutupa mpaka unauza maji na baiskeli! Mzee mwenye lori mbili! Unajua nilivyosikia aibu?"

"Aibu yako au yangu?"

"Yetu wote. Mwambie dereva mmoja wa lori awe anakupeleka unapotaka."

"Nataka kwenda kwa shangazi yako nikae mpaka nichoke kukaa. Bila mtu kuniangalia saa."

Alitazama ile baiskeli, akatazama kiwiko changu chenye kovu jipya. "Kutoka hapa mpaka Ngoingwa? Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo."

"Utavaa kofia ya chuma," akasema mwishowe. "Na koti la kung'aa kama la polisi wa barabara. Usipovaa nitakuja nikate magurudumu." Siku ya pili alivileta. Nilipovaa nilifanana na mtu wa kuchimba mitaro, lakini nilivivaa, na bado navivaa. Mtoto akikuzuia kwa upendo na kisha akakuachia kwa upendo, usimnyime hiyo kofia.

Nilijipima kwanza mpaka Juja na kurudi. Wale waliopanga barabara kubwa waliweka njia ya baiskeli kando, na ingawa wachuuzi wameifanya duka na bodaboda wameifanya steji, mahali pengi bado inapitika, na mimi nawaombea waliofikiria jambo hilo. Karibu na chuo kikuu vijana walinizoea, wakawa wananiita guka, yaani babu.

"Guka! Niaje! Uko fiti!"

"Niko fiti kukushinda."

Siku moja walinipita watu wa baiskeli za mashindano, nguo zimewabana kama ngozi ya soseji. Mmoja akapunguza mwendo akaja sambamba nami.

"Mzee, umebeba nini?"

"Maji."

"Unapeleka wapi?"

"Nayarudisha nyumbani."

Alinitazama muda, akaongeza mwendo kuwafikia wenzake. Naamini mpaka leo anawasimulia.

Alhamisi niliyoamua kwenda kabisa, mke wangu aliamka kabla yangu. Nilimkuta amefungua vibuyu na kumwaga maji yote.

"Utaenda kwa dada yako na maji? Wewe ni zima moto?"

Kwetu mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Akaleta viondo vyake viwili vikubwa, vya kusukwa kwa mkonge, akavipakia viazi, maharagwe meusi ya njahi na mkungu wa ndizi aliougawa nusu kwa nusu. Akapima kwa kuviinua, huku na huku, akatoa viazi vitatu hapa akaweka pale, mpaka vikalingana. Sijawahi kuona fundi wa mizani kama yeye.

Nilitumia saa tatu. Ninaandika bila haya: vijana wa nguo za kubana wangetumia dakika arobaini. Mteremko wa kwenda mto Ndarugo niliushuka breki zote mbili zikilia, na kule kupanda nilishuka nikasukuma, nikapumzika, nikasukuma. Nilipita mahali ambapo zamani kulikuwa na mkahawa niliokuwa nakunywa chai nikiwa nimesimama, maana kuketi kulikuwa kupoteza wakati. Sasa ni jengo la ghorofa nyingi. Nilisimama hapo pia, nikanywa maji. Nilikuwa na wakati wote.

Dada yangu alikuwa ameketi barazani akiambua maharagwe mabichi. Macho yake siku hizi yanaona ukungu, lakini masikio ni yale yale.

"Nani huyo na kengele?"

"Ni mimi."

"Umeletwa na nani?"

"Sijaletwa."

Alisimamisha mikono. Binti yake akatoka jikoni, akaona kofia, akaona koti la kung'aa, akaona viondo, akashika mdomo. "Ngai! Mama, amekuja na baiskeli!"

"Nimesikia," dada yangu akasema. Kisha akasema neno moja, kwa sauti ya chini. "Kahii."

Kahii ni mvulana ambaye hajatahiriwa. Mtu mwingine akiniita hivyo tutafikishana kwa wazee, na atatoa mbuzi. Duniani amebaki mmoja tu aliyenijua nikiwa hivyo, aliyenipangusa makamasi kwa upindo wa nguo yake, na nilipomsikia akilitamka niliegemeza baiskeli kwenye nguzo ya baraza, nikamwitikia kama zamani.

"Weka chai," akamwambia binti yake. "Na usiharakishe. Huyu hana wa kumngoja."

Hatukuzungumza jambo lolote kubwa. Tuliambua maharagwe. Aliniuliza bei ya viazi Ruiru. Alinisimulia ugomvi wa jirani na kuku wake, hadithi ndefu isiyo na mwisho, na aliposahau alipofikia alianza upya, nikamsikiliza tena. Kwa miaka miwili nilikuwa nikiondoka kabla ya hadithi kufika katikati. Kuna watu wanaomshukuru Mungu kwa miujiza. Mimi nilimshukuru kwa kuku wa jirani.

Saa nane nikasema niende. Nikatazama viondo vyangu, mpwa wangu alikwisha kuvitoa kila kitu, nikakumbuka. Ikabidi nieleze. Nikaeleza kila kitu: lango, mtaro, maji, yule mwanamke wa dirishani. Kwamba baiskeli tupu siiwezi. Dada yangu alicheka mpaka akakohoa, mpaka binti yake akaja kumpigapiga mgongo.

"Na tangu lini," akasema akipangusa macho, "mtu akatoka kwangu na kiondo kitupu?"

Hiyo nayo ni desturi, na sikuwa nimeifikiria. Chombo kikija na kitu hakirudi kitupu. Wanawake wetu wamekuwa wakifanya hivyo tangu zamani, unapeleka unga unarudishiwa maharagwe, na mimi kwa ujinga wa wanaume nilidhani ni adabu tu. Wakanijazia maparachichi, miwa iliyokatwa, na malenge mawili yaliyolingana kama mapacha. Nikapanda kutoka kwenye ngazi ya baraza, nikarudi Ruiru nikiwa nimekaa imara kama chifu.

Ikawa kila Alhamisi. Chakula kikawa kingi mno pande zote mbili. Mke wangu akawa anawagawia wapangaji maparachichi, na mpwa wangu nasikia anakula viazi mpaka anaviota. Hakuna aliyesema tupunguze. Daktari mwenye sauti kubwa alinigusa mguu kwa kijiti chake akauliza nasikia, nikasema nasikia kidogo. Akasema kidogo ni kitu. Nami nasema hivyo hivyo.

Halafu ikaja Alhamisi moja ya juzi. Dada yangu siku hiyo hakuwa barazani, alikuwa kitandani, amechoka tu, hana ugonjwa wa kutaja jina. Nilikaa kando yake kwenye stuli. Alilala, akaamka, akaniuliza kama nipo, akalala tena. Ilipofika saa nane nikainuka, nikamwita mpwa wangu anijazie viondo.

"Leo hakuna kitu," dada yangu akasema kutoka kitandani, macho yamefumba.

Nikatazama nje ya dirisha. Mti wa maparachichi ulikuwa umeinama kwa uzito. Chini ya ukuta kulikuwa na malenge manne.

"Hakuna kabisa?" nikauliza.

"Hakuna. Mwaka huu ni mbaya."

"Hata mawe mawili?"

"Mawe ya hapa ni ya nyumba. Hayatoki."

Mpwa wangu alisimama mlangoni, akanitazama, akatazama mti, akaelewa, akarudi jikoni. Ningeweza kumwomba vibuyu. Bomba liko pale uani, linatoka maji mazuri kuliko ya Ruiru. Nilisimama hapo na kofia ya chuma mkononi, mzee wa miaka sabini na mmoja aliyenyimwa mzigo, na nikajua kwamba katika maisha yangu yote huyu mwanamke hajawahi kuniomba kitu. Alinipa. Kila mara ni yeye aliyetoa. Na sasa hata kuomba kwenyewe alikufanya kwa kukataa kutoa.

Nikaketi tena. Nikapiga simu nyumbani.

"Nitalala huku," nikamwambia mke wangu.

"Umeanguka?"

"Sijaanguka. Sina mzigo."

"Anataka ubaki," akasema.

"Ndiyo."

"Basi baki. Funguo za lango ninazo."

Binti yangu wa kwanza akapiga baada ya dakika tano, mtandao wa hawa wanawake uko mbele ya ule wa serikali. Akauliza kama aje kunichukua na gari. Nikamwambia asije. Akasema sawa, Baba, bila kubishana, na nikajua amekua.

Nilikaa siku tatu. Nilimlisha uji kwa kijiko, kitu ambacho sijawahi kumfanyia mtu, hata watoto wangu mwenyewe, na niliumwaga kidogo, naye akanikemea. Siku ya tatu aliketi barazani, akaitisha bakuli la maharagwe, akamwambia binti yake apande kwenye stuli achume maparachichi. "Mjazie huyu aende," akasema. "Amekula chakula chetu chote."

Wiki hii imenyesha tangu Jumatatu, na Alhamisi imepita bila mimi kwenda. Siku hiyo dada yangu alipiga simu saa nne asubuhi, mpwa wangu alimshikia simu sikioni.

"Uko wapi?"

"Kuna matope, dada. Njia ya baiskeli imejaa maji."

"Zamani ulikuwa unapita kwenye matope na maziwa ya watu."

"Zamani nilikuwa kijana."

"Kijana ni nani? Wewe ni kahii."

Nikamwambia mvua ikikatika hata kwa nusu siku nitaondoka, iwe Ijumaa, iwe Jumamosi. Akauliza mke wangu ameweka nini kwenye viondo. Nikasema bado hajapakia. Akasema tusilete viazi tena, tulete mahindi mabichi, na tujaze mpaka juu.